Kohozi la kupima TB: namna ya kulitoa, kulifikisha maabara na kuelewa majibu yake

Asubuhi moja ya mwezi wa saba mzee mmoja alifika dirishani kwetu maabara, koti zito, kofia ya sufi imeshuka mpaka masikioni, katoka Chunya huko machimboni kwa gari la alfajiri. Akanyoosha mkono na kichupa cha dawa ya kikohozi, kile cha plastiki cha brauni, humo ndo kaweka kohozi. Nikamwambia shikamoo baba, nikapokea, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mate matupu. Mepesi kama maji, mapovu juu, na chini bado kuna mabaki ya dawa yenyewe. Mzee wa watu kafunga safari yote ile kwa ajili ya mate, na kosa si lake, hakuna aliyemwelekeza.

Ndo maana naandika hii. Hapa Mbeya watu wanajua mashine ya GeneXpert, wanaiita tu "ile mashine ya TB", na wanaiamini, na mimi pia naiamini. Ila mashine inapima kile ulichoweka kwenye kikopo, basi. Ukiweka mate itakusomea mate, itakwambia hakuna TB, na wewe utarudi nyumbani unakohoa vilevile na wanao umelala nao chumba kimoja.

Tuanze na siku moja kabla. Nenda kituo cha afya uchukue kikopo chenyewe, kile cheupe chenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha. Usikioshe, usikifungue fungue kuangalia ndani, kiko safi tayari. Hakikisha jina lako limeandikwa ubavuni mwa kikopo na sio kwenye kifuniko, maana maabara vifuniko vinafunguliwa, na kifuniko kikitoka kwenye kikopo chake jina nalo limeondoka. Usiku kunywa maji ya kutosha, hata ya uvuguvugu, kohozi la mtu asiyekunywa maji linagoma kutoka. Na kama umeshaanza kumeza antibiotiki ulizonunua duka la dawa, hasa zile za jamii ya ciprofloxacin na levofloxacin, mwambie mhudumu bila kuona aibu, kwa sababu zile zinawapunguza nguvu wadudu wa TB bila kuwamaliza na zinaweza kuficha ugonjwa.

Asubuhi ndo wakati wenyewe, kohozi limejikusanya kifuani usiku kucha. Kabla ya chai, kabla ya dawa ya meno, sukutua mdomo kwa maji safi mara mbili uteme, ili mabaki ya ugali wa jana yasiingie kwenye kikopo. Halafu toka nje. Najua baridi ya huku, najua mtu wa Makete au Njombe mwezi wa sita akitoka nje asubuhi anakuta majani meupe kwa barafu, na wa Tukuyu manyunyu hayajakata tangu juzi, kwa hiyo wengi wanajikoholea jikoni pembeni ya moto. Usifanye hivyo kabisa. Unapokohoa kwa nguvu ndo unarusha vimelea vingi kuliko wakati mwingine wowote, na jikoni ndiko watoto walikojikusanya wanaota moto. Vaa koti, jifunike shuka la kimasai, nenda nyuma ya nyumba, upe upepo mgongo, asiwepo mtu mbele yako.

Sasa hapa ndo pagumu, twende taratibu. Vuta pumzi ndefu mpaka kifua kijae, ishike kidogo, hesabu mpaka tano, iachie polepole. Rudia. Ya tatu ukishavuta, kohoa kutokea chini kabisa, utasikia tumbo linakaza na mbavu zinavuta, sio kile kikohozi cha kusafisha koo na sio kuvuta kamasi za puani kwa ndani. Kikopo kiwe kimeshagusa mdomo wa chini ili kisimwagike kitu nje. Kitakachotoka kiangalie: kohozi la kweli ni zito, linavutika kama mlenda, lina rangi ya njano au kijani au weupe mzito, wakati mwingine na nyuzi za damu. Ukiona damu usiogope ukatupa, lete hivyohivyo na useme. Mate yanateleza, ni maangavu na yana mapovu.

Kiasi? Kadiria kijiko kimoja cha chai. Kijiko kile ni kama mililita 5, sisi tunataka 3 mpaka 5. Mashine yenyewe inaweza kufanya kazi na mililita 1 ila ikibidi kurudia kipimo, au daktari akitaka kohozi lioteshwe pia, yaani wadudu wakuzwe maabara mpaka waonekane, hiyo moja haitoshi na utaitwa tena. Kama mara ya kwanza kimetoka kidogo pumzika dakika chache, tembeatembea, vuta pumzi upya, jaribu tena kwenye kikopo hichohicho. Kuna watu inawachukua robo saa na ni kawaida.

Ukimaliza funga kifuniko mpaka kigome, nawa mikono na sabuni, weka kikopo kimesimama ndani ya mfuko uliopewa. Hili la kufunga nalisisitiza kwa sababu lilishatuumiza. Siku moja tulipokea kisanduku cha baridi kutoka kituo kimoja cha mbali, kufungua tu tukaona unyevu chini, kikopo kimoja kilifungwa nusunusu, barabara imekitikisa njia nzima, kohozi limepakaa vikopo vya wenzake watatu na majina yamefutika. Hatuwezi kupima kitu cha hivyo, kwa sababu tukipata TB hatujui ni ya nani. Watu wanne wakapigiwa simu waanze upya, na mmoja wao hakupatikana kwenye simu wiki nzima, bado namfikiria.

Lete siku hiyohiyo. Usikiweke mfuko wa shati karibu na mwili, usikiache mbele ya bajaji jua linakipiga. Ikishindikana kabisa kufika, friji ya kawaida ya nyuzi 2 mpaka 8 inafaa ila sio friza. Mtu wa Uporoto anaweza kusema mbona kwetu nje ni friji tosha, sawa, ila wa Kyela na wa bonde la Usangu joto la kule linaotesha bakteria wengine wa kawaida waliotoka mdomoni, na hao wanakua haraka kuliko TB, wakijaa sampuli ikipelekwa kuoteshwa inaharibika.

Ikishafika tunafanyaje? Tunaongeza dawa maalum mara mbili ya kiasi cha kohozi, tunatikisa, tunaacha dakika 15 na katikati tunatikisa tena, kohozi linalainika na vimelea vinapoteza nguvu ya kutuambukiza sisi. Kisha mililita 2 za mchanganyiko zinaingia kwenye katriji, yaani kile kikasha kidogo cha plastiki cha kupimia, katriji inaingia kwenye mashine. Humo ndani vimelea vinapasuliwa kwa mawimbi ya sauti, DNA, yaani chembe za urithi za mdudu, inatoka nje, halafu inanakiliwa mara nyingi sana kwa njia ya PCR mpaka hata kile kidogo kionekane. Wakati huohuo mashine inachungulia jeni, kipande cha DNA ya wadudu wa TB, kinachoitwa rpoB, kikiwa na mabadiliko maana yake wadudu hao wanaikataa rifampicin, ambayo ni dawa kubwa ya TB. Yote hayo ndani ya saa mbili. Zamani kwa hadubini tu ilibidi kohozi liwe na wadudu kama 5,000 mpaka 10,000 kwa mililita ndo uwaone, katriji ya sasa ya Ultra inaweza kuwanasa hata wakiwa kama 16. Yule mzee wa Chunya alilala kwa mwanae Uyole, kesho yake akaleta kijiko kizima cha kohozi zito kwenye kikopo safi, mchana huohuo majibu yakatoka, TB ipo, rifampicin inafanya kazi, akaanza dawa, na dawa za TB ni bure.

Kwenye majibu, wengi wanachanganyikiwa na neno "trace". Maana yake alama ya TB imeonekana ila ni kidogo sana kiasi kwamba mashine haiwezi kusema chochote kuhusu rifampicin. Daktari ataangalia historia yako, hasa kama uliwahi kutibiwa, na anaweza kuomba kohozi lingine, toa. Majibu yakija "invalid" au "error" hayo sio majibu ya ugonjwa, ni kipimo chenyewe kimegoma, kinarudiwa.

Swali ninaloulizwa karibu kila wiki ni hili: dada, nimemaliza miezi sita ya dawa, mbona hamnipimi na ile mashine nijue nimepona? Sababu ni kwamba DNA ya mdudu aliyekufa inabaki. Mashine inaona DNA, haijui mwenyewe yuko hai au amekufa, kwa hiyo inaweza kukusomea TB wakati umeshapona, na ukapata presha bure. Ndo maana mwisho wa mwezi wa pili, wa tano na mwisho wa matibabu kohozi lako linapimwa kwa hadubini. Kwa hiyo hata ukijisikia mzima na kikohozi kimekata, siku hizo njoo na ukohoe kwa bidii ileile.

Na hapa nina furaha kusema kitu cha nyumbani. Kuna kipimo kinaitwa MBLA, na watafiti wa kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapahapa Mbeya ni miongoni mwa waliokifanyia kazi na kukichunguza. Chenyewe hakitafuti DNA, kinatafuta RNA ya ribosomu (ndugu wa DNA, iliyomo kwenye viwanda vya protini vya seli) ya wadudu wa TB, ambayo mdudu akifa inaoza mapema. Ikishuka wiki hadi wiki unajua dawa inaua. Kuotesha kohozi kwenye MGIT, mashine ya kuoteshea wadudu wa TB, kunaweza kuchukua mpaka siku 42 kabla ya kusema hamna kitu, hiki kinatoa hesabu ndani ya saa chache. Bado ni kipimo cha utafiti zaidi, usiende kituo cha afya ukakidai, ila ukiombwa kushiriki utafiti wa namna hiyo jua kwamba kohozi lako linatakiwa lifike haraka kuliko kawaida, maana RNA haisubiri.

Mtoto mdogo hawezi kukohoa kwa kuelekezwa, usimlazimishe, yeye anameza kohozi lake, kwa hiyo choo chake kinaweza kupimwa kwenye mashine ileile ya GeneXpert. Uliza kituoni, beba kinyesi kidogo kwenye kikopo safi, kisichanganyike na mkojo. Na mtu anayeishi na VVU ambaye amedhoofu na kohozi halitoki, kuna kipimo cha mkojo kinachoitwa LF-LAM, kinatoa majibu kama dakika 25 hivi, mwombe mhudumu akuelekeze siku hiyohiyo bila kusubiri kohozi.