Boti ya faiba imegonga mwamba: jua imeumia mpaka wapi kabla hujawasha grainda

Juzi kijana mmoja hapa Tanga kaniletea boti imegonga mwamba, nje mchubuko wa kiganja tu, anataka tupake resini, ile gundi inayoshika nyuzi za faiba, jioni arudi baharini. Nikamwambia ngoja kwanza. Bati likigongwa linabonyea unaliona, ila faiba inarudi mahali pake huku matabaka yameshaachana, na mara nyingi upande wa ndani ndio umeumia zaidi.

1. Osha kwa maji yasiyo na chumvi, ikauke kabisa.

2. Usiku mtu aingie ndani na tochi kali, wewe kaa nje. Rangi na jelikoti, lile tabaka gumu linalong'aa la nje, zinazuia mwanga, kwa hiyo kwangua kwanza. Palipoachana utapaona kama wingu jeusi, ila ukimulika toka upande wako pale pale panakuwa peupe.

3. Sasa sarafu. Mimi natumia ya shilingi mia mbili, nyundo sitaki kabisa, nyundo inafanya boti nzima ivume husikii kitu. Ishike wima, gonga kidogo kidogo kila sentimita mbili, zima redio, ngoja upepo utulie. Faiba nzima inalia kavu, ti ti ti, iliyoachana inalia imekufa, du. Lakini hapa ndipo nilipopoteza siku nzima mwaka jana, nilisikia mlio umebadilika nikachimba na grainda kumbe nyuma yake kuna taruma tu, yaani ubavu wa ndani wa boti, faiba ilikuwa nzima! Mlio unabadilika kwenye taruma, kwenye mkuku, hata pale mati, zile shuka za nyuzi za faiba, zilipopandana unene ukaongezeka. Kwa hiyo usilinganishe na sehemu ya jirani, nenda ubavu wa pili wa boti hiyo hiyo, umbali ule ule kutoka kwenye taruma, gonga hapo ndio urudi. Na kama katikati ya ngozi mbili za faiba kuna povu au plaiwudi, sarafu inakuambia habari za ngozi ya juu tu, ya ndani kaigonge kwa ndani. Kila mlio mfu weka alama ya penseli, mwisho unganisha alama.

4. Vaa barakoa, fungua katikati ya alama, angalia nyuzi zilivyokatika. Zikiwa fupi na resini imezing'ang'ania, ni kipigo tu. Zikichomoka ndefu, safi, resini haikuzishika toka mwanzo.

Za huyu kijana zilichomoka nyeupe kavu kama pamba, na mstari wa penseli kwa ndani ulikuwa mkubwa kama sinia la pilau. Yaani kosa ni la toka ilipotengenezwa, si la mwamba tu, kwa hiyo tunagonga boti nzima, kuanzia omo mpaka tezi.