Ndege ya Manda ikifutwa kwa dhoruba: jinsi ya kuomba nauli yako irudi yote

Kusi likishika na masika nayo haijaisha, ndege za huku kwetu zinafutwa, na hapo hakuna wa kulaumu manake hakuna rubani wa kushuka Manda, kiwanja chetu kilicho ng'ambo ya mji wa Lamu, upepo wa ubavuni ukizidi kipimo cha ndege yake. Lakini nauli ni yako. Nimetoka kuipigania ya mamangu sasa hivi, alhamdulillahi imerudi yote, na kuna jambo moja nataka kila mtu wa Lamu na Malindi alishike kabla hajasoma mengine: usifute tikiti wewe mwenyewe. Usiifute, na usimwambie ejenti akufutie, hata ukiona mawimbi yanapanda jeti ya boti. Ngoja shirika lenyewe lifute ndege.

Sababu ni hii. Kwenye kompyuta zao rifandi, yaani kurudishiwa nauli, ziko namna mbili. Shirika likifuta safari, wewe hukuvunja kitu, unadai nauli nzima. Abiria akijitoa mwenyewe, yanaingia masharti ya tikiti uliyonunua, na zile tikiti za bei ya chini ambazo wengi wetu ndo tunazonunua mara nyingi hazirudishi nauli kabisa, unarudishiwa ule ushuru wa tikiti tu. Kinachotenganisha hizo mbili ni nani alianza kubonyeza, na saa ngapi.

Ya mama yalikuwa hivi. Alikuwa aende Nairobi kwa daktari wa macho, nauli tumechangiana nyumbani. Ejenti aliyetuuzia aliamka akasikia upepo, akaona tahadhari ya hali ya hewa, akaingia kwenye mtambo akaifuta ile tikiti asubuhi asubuhi bila kutuuliza, akidhani anatufanyia wema. Adhuhuri shirika likatuma meseji kwa abiria wote kwamba ndege imefutwa. Abiria wenzake wakaombewa rifandi nzima, sisi tukaambiwa rekodi inaonyesha abiria amejiondoa kwa hiari yake, chukueni ushuru. Ndege ni ile ile, siku ni ile ile, mama hakutoka hata nyumbani! Hapo ndo tulipotezewa muda, kaunta inakupeleka kwa ejenti, ejenti anakurudisha kaunta, na kastama kea anakusomea rekodi ile ile.

Kilichotuokoa ni vitu viwili, na ndivyo unavyotakiwa kuwa navyo siku ile ile ndege inapofutwa.

Cha kwanza ni ile meseji au imeili ya shirika inayosema ndege imefutwa. Piga skrinishoti ionyeshe tarehe na saa, usiifute, na kama imekuja kwa simu ya ejenti mwambie akutumie palepale.

Cha pili, na hiki ndo kizito, ni barua ya uthibitisho. Karatasi au imeili ya shirika yenye nambari ya ndege, tarehe, neno kwamba safari imefutwa na shirika, na sababu. Watu wengi hawaijui na kaunta hawatakwambia mpaka uiombe. Bima ya safari wakitaka kukulipa wataitaka, mwajiri wako ataitaka, na ukifika kulalamika mbele huko wataitaka pia. Iombe siku hiyo hiyo, manake baada ya wiki waliokuwa zamu hawapo na kumbukumbu imepelekwa makao makuu. Ukiwa Manda waendee kwenye ofisi yao ya kiwanjani, ukiwa mjini andika imeili. Sisi tuliandika hivi, chukua ubadilishe:

"Assalaam alaikum. Mimi ni abiria wa ndege nambari fulani, tarehe fulani, kutoka Manda kwenda Nairobi, nambari ya bukingi fulani. Naomba barua inayothibitisha kwamba safari hii ilifutwa na shirika, sababu yake, na saa uamuzi ulipofanywa. Naomba pia nirudishiwe nauli yote kwa njia niliyolipia. Sitaki vocha."

Ile sehemu ya saa ya uamuzi iombe hata kama inaonekana haina kazi. Kwetu sisi barua ilionyesha uamuzi wa kutoleta ndege ulikuwa umepitishwa ofisini kabla ejenti hajagusa kitu, ni vile meseji za abiria ndo zilichelewa. Yaani mama alifutiwa tikiti ya ndege ambayo tayari haikuwa ije. Walipoiona hiyo wakabadilisha rekodi.

Na hilo la kuamua mapema ni kawaida, lielewe likusaidie kudai. Ndege inayokuja Manda haikulala Manda, imetoka Nairobi, pengine ipitie Malindi, halafu irudi ikafanye safari ingine. Dhoruba ikigusa kituo kimoja zote zinavurugika, na marubani wana saa maalum za kazi, zikiisha hawaruhusiwi kuruka hata jua likiwaka. Kwa hivyo mashirika huona afadhali wafute mapema ndege ibaki pahali salama kuliko ikwame kwenye upepo. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani Mei 2024 tahadhari za upepo mkali na mawimbi zilitolewa mapema, bas ukisikia tahadhari kama ile ujue ofisini watu wameshaanza kupanga. Wewe tulia, weka simu chaji, ngoja meseji yao.

Ikija meseji huwa na linki. Polepole hapo. Mara nyingi unapewa mambo matatu: ndege ingine, vocha ya kusafiria siku nyingine, au pesa, na vocha ndo huwekwa juu ikiwa na rangi ya kupendeza. Ukikubali vocha wengi wao watahesabu wameshamalizana na wewe. Kama bado unataka kusafiri, ndege ingine ni sawa, wakati wa dhoruba mashirika mengi huondoa ile ada ya kubadilisha tarehe, lakini soma mwisho wa ruhusa ni lini, ikipita unalipa. Wakikwambia uende ukapandie Malindi au Mombasa uliza kwanza nani analipa gari, na uliza barabara. Mvua za mwisho wa 2023 zilipofurika, barabara ya Garsen kuja Lamu ilikatika na magari yalikwama, kwa hivyo usikubali kupandia Malindi kama huna uhakika utafika.

Sasa kuna balaa la watu wa kisiwani peke yetu. Ndege inaweza kuja lakini boti zisivuke. Mkondo umechafuka, boti zimesimamishwa, wewe uko Langoni na begi lako unaiangalia Manda kwa macho, na ndege inatua na kuondoka. Kwa shirika hapo safari haikufutwa, wewe ndo hukutokea, na asiyetokea nauli imekwenda, na kama ulikata ya kwenda na kurudi basi wanaweza kufuta na ya kurudi. Hii ndo hali pekee ambayo wewe unatakiwa uanze: piga simu KABLA ndege haijaondoka, waambie boti zimesimamishwa, omba kubadilishiwa tarehe, na wakati unazungumza waandikie pia kwa imeili au WhatsApp ibaki alama. Omba kubadilishiwa, sio kufutiwa, neno lisikuponyoke. Piga picha ya jeti pia. Huenda wakakutoza ada lakini utaokoa nauli. Na ukisikia usiku bahari imekasirika na safari yako ni muhimu, vuka mapema asubuhi kabla haijachafuka zaidi.

Wenye kuunganisha safari, tuseme Manda hadi Nairobi halafu Dubai au Jeddah, angalieni kama ni tikiti moja au mbili. Ikiwa moja, shirika lina jukumu la kukufikisha mwisho. Ikiwa mbili zilizonunuliwa mbali mbali, ya kwanza ikifutwa kwa mvua ile ya pili haikujui, utahesabiwa hukutokea. Pigia la pili haraka. Hata ukitaka kuokoa pesa kwa kununua mbali mbali, masika lala Nairobi usiku mmoja kabla.

Kuomba kwenyewe ni fomu ya onlaini au imeili, haina maajabu. Nambari ya bukingi ni ile ya herufi na tarakimu sita, lakini kwa mashirika makubwa rifandi hulipwa kwa nambari ya tikiti, ile ndefu yenye tarakimu 13, iko kwenye imeili ya risiti. Weka zote mbili. Ukilipa kwa M-Pesa ambatisha ile meseji yenye nambari ya muamala, na usijaribu kuirudisha kwa njia ya kurekebisha pesa iliyotumwa kimakosa, hiyo si kazi yake. Ukilipa kwa kadi na shirika limenyamaza, benki yako inaweza kupinga malipo, lakini kuna muda, usikae miezi. Ukinunua kwa ejenti pesa itarudi kupitia ejenti, kwa hivyo yeye aombe, na wewe muombe akuonyeshe aliyoyatuma.

Ndege za nje sheria zina nguvu zaidi, wenye watoto na jamaa huko wapeni habari. Ukiruka kutoka Ulaya, au ukienda Ulaya kwa shirika la huko, safari ikifutwa wana siku 7 kukurudishia nauli kama hutaki kusafiri, na mkingoja ndege ingine chakula na hoteli ni juu yao hata kama sababu ni dhoruba. Ile fidia ya euro 250 mpaka 600 ndo hailipwi kwa sababu ya hali ya hewa, usipoteze nguvu. Marekani, tangu sheria ya 2024, safari ikifutwa na wewe hutaki ndege ingine nauli inarudi, mvua isiwe kisingizio, siku 7 za kazi kwa kadi na siku 20 kwa malipo mengine.

Na sababu iulize kila siku upya. Desemba 2022 huko Marekani baridi kali ilifuta ndege za mashirika mengi, wengine wakarudi kazini dhoruba ilipopita, shirika la Southwest likaendelea kufuta kwa sababu mipango yake ya wafanyakazi ilikuwa imevurugika, si hali ya hewa tena. Mwaka uliofuata serikali ililitoza dola milioni 140. Kwa hivyo jua likiwa limetoka Manda na bado unaambiwa hali ya hewa, waambie waiandike kwenye barua ya siku hiyo.

Mizigo: mvua ya Dubai ya tarehe 16 Aprili 2024 ilifanya Emirates wafute karibu safari 400, na mabegi kama 30,000 yakabaki nyuma. Begi lako lisipotokea usitoke kiwanjani bila ripoti ya maandishi yenye nambari. Kwa safari za kimataifa, likiharibika andika malalamiko ndani ya siku 7, likichelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Weka risiti za nguo na dawa ulizolazimika kununua.

Shirika likikukatalia, au likikaa kimya, nenda kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, wana kitengo cha malalamiko ya abiria. Watakuuliza kwanza kama umelalamika kwa shirika, kwa hivyo peleka zile imeili zako na majibu yao, barua ya uthibitisho, tikiti na risiti, vyote kwenye faili moja kwa mpangilio wa tarehe. Ikishindikana kabisa kuna Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza madai hadi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, unajieleza mwenyewe kwa Kiswahili. Na mwenye ejenti kama wetu, mdai ni yule jina lake liko kwenye tikiti, kwa hivyo mzee wako akikutuma umfuatilie aandike barua ya kukuruhusu, atie sahihi, na uambatishe nakala ya kitambulisho chake.