SOMO: Fedha ya kale ya Norwei, kuitambua na kuivaa bila kuiharibu

Wakuu, nimechoka kutumiwa picha inboksi na swali lile lile: "Hii ni fedha kweli?" Naandika mara moja. Nazungumzia hasa sølje, bizimu la kifuani linalovaliwa na bunad, vazi la asili la Norwei, lenye vijiko vidogo vinavyoning'inia.

1. Geuza nyuma. Mbele hapakwambii kitu.

2. Soma mhuri. 830S ni fedha sehemu 830 kwa 1000. 925S ni fedha zaidi. EPNS imepakwa fedha juu tu. Kando tafuta alama ya sonara: J. Tostrup walianza 1832, David-Andersen 1876, wote wa Oslo. La kijijini la zamani sana huenda halina mhuri, mwone sonara.

3. Sumaku isishike mwili wake. Pini isikutishe, huenda ilibadilishwa ikawekwa ya chuma.

4. Kusafisha. Hapa ndipo vitu hufa. Ule ujanja wa foili, maji moto na magadi USITUMIE. Weusi ulio ndani ya nakshi ndio unaoonyesha nyuzi za fedha zilivyosokotwa. Ukiutoa, bizimu la miaka mia linafanana na la dukani jana. Vijiko vingi vimepakwa dhahabu nyembamba mno, na dawa ya meno inaikwangua. Lenye rangi ya kioo iliyoyeyushwa lisiguse maji moto, litapasuka. Tumia maji vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini wa mtoto, kisha kausha papo hapo, hasa kwenye maungio. Msiniulize nimejuaje.

5. Manukato kwanza, bizimu mwisho. Shifoni litaichana, kitambaa kizito ndiyo saizi yake.

6. Ukilihifadhi, lifunge kwa kitambaa cha pamba. Mpira unalitia weusi.

MASWALI

— Mkuu, langu limeandikwa 925S. Ni fedha?
— Hatua ya 2.

— Nimeshaloweka kwenye magadi kabla ya kusoma. Limekuwa jeupe pe!
— Usiongeze dawa yoyote. Livae, weusi utarudi taratibu. Dhahabu iliyotoka hairudi bila sonara.

— Jamaa wa mitumba Bergen ananiuzia pete ya Waviking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, ameichimba shambani kwao.
— Kimbia. Kwa sheria ya Norwei, kitu cha kale kilichofukuliwa cha kabla ya 1537 ni mali ya serikali. Ama anakudanganya, ama anakuingiza kwenye kesi.

— Vile vijiko ni urembo tu?
— Swali zuri. Wazee waliamini fedha inafukuza viumbe wa mlimani, ndiyo maana mtoto ambaye hajabatizwa alibandikwa bizimu, viumbe hao wasije wakambadilisha na mtoto wao. Vijiko vinarudisha mwanga, basi kiumbe anaona sura yake na kukimbia.

— Ni kweli Waviking walivaa sarafu za Kiarabu?
— Kweli kabisa, walizitia kitanzi wakazining'iniza shingoni. Hazina ya Spillings, iliyopatikana kisiwani Gotland, Sweden, 1999, ina fedha kilo 67 hivi na sarafu zaidi ya 14,000, nyingi dirhamu. Uliyepita madrasa, anza kwenye duara: bismillah, kisha mji ilikopigwa, kisha mwaka wa Hijria kwa maneno. Ni khati ya Kufi isiyo na nukta, uwe na subira.

— Sawa mkuu, ila hiyo 830S ni bei gani?
— Pima gramu kwanza.