SOMO: Kupunguza uzito bila kushinda na njaa, hatua kwa hatua

Habari zenu wadau. Hili somo niliahidi muda mrefu, maana kila wiki kuna mtu ananiuliza "dada nipe dayati ya kutoa kilo kumi kwa wiki mbili" na kila nikijibu mmoja mmoja naona narudia yale yale, kwaiyo leo naliweka lote hapa.

Mi sio daktari, naongea kama mtu aliyepita njia zote mbili. Mara ya kwanza nilitoa kilo 9 kwa miezi miwili, sili usiku, mchana nakunywa unga fulani niliouziwa kwa maneno matamu. Nilipungua kweli, ila nywele zilikuwa zinabaki kwenye chanuo, nikisimama ghafla naona giza, na nilipoanza tu kula kama watu wengine zile kilo zilirudi zote ndani ya miezi minne na nyingine juu yake. Mara ya pili nilitumia mwaka mzima kutoa kilo 14, nikila milo mitatu, na sasa ni mwaka wa tatu hazijarudi. Hiyo ya pili ndo naifundisha.

Kabla hujaanza: kama una mimba, unanyonyesha, uko chini ya miaka 18, unatumia dawa za kisukari au presha, au ulishawahi kuumwa kwa kujinyima chakula, ongea kwanza na mhudumu wa afya anayekujua. Naomba sana hili msiliruke.

HATUA YA 1: Jipime alafu uandike

Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mfano mtu wa kilo 78 mwenye urefu wa mita 1.60, unafanya 1.60 mara 1.60 unapata 2.56, alafu 78 gawa kwa 2.56 inakuja kama 30.5. Kwa mtu mzima kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 ndo uzito wa kawaida, 25 kwenda juu umezidi, 30 kwenda juu tayari ni unene uliopitiliza, wa kuhatarisha afya. Pima na kiuno pia kwa futi kamba, kisizidi nusu ya urefu wako, kwaiyo mtu wa sentimita 160 kiuno kiwe chini ya 80. Mi kiuno nakiamini kuliko mzani, sababu mafuta ya ndani ya tumbo ndo yanayoleta kisukari na matatizo ya moyo.

Lengo la kwanza liwe dogo, asilimia 5 tu ya uzito ulionao. Huyo wa kilo 78 ni kama kilo 4. Inaonekana ndogo lakini hata hiyo inaanza kusaidia presha na sukari kwenye damu. Mwendo wa nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki unatosha kabisa, ukienda mbio sana unapoteza na misuli, na watu wengine wanapata mawe kwenye nyongo.

Alafu kwa siku tatu andika kila kinachopita mdomoni bila kubadilisha chochote. Andika na ile kuonja onja jikoni, na mabaki ya mtoto uliyomalizia ili yasitupwe.

HATUA YA 2: Anza na vinavyonyweka

Hapa ndo kwenye ushindi wa haraka, na hakuna njaa. Soda ya mililita 500 ina kama gramu 50 za sukari. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula kwa siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, kwaiyo hiyo chupa moja imemaliza siku nzima na bado hujanywa chai.

Na chai yenyewe tuihesabu. Kijiko cha chai kilichojaa bila mlima juu kina gramu kama 4. Vikombe vinne, vijiko viwili viwili, hapo una gramu 32, karibu kalori 130, na tumbo halijui kama limeingiziwa kitu maana nguvu ya kunywa haishibishi kama ya kutafuna.

Usiache ghafla. Mi nilitoka vijiko viwili nikaenda kimoja na nusu, nikakaa wiki, kimoja, wiki nyingine, nusu, mpaka siku moja nikapewa chai ya vijiko viwili nikashindwa kuimaliza. Ulimi unazoea jamani, upeni muda.

Jusi ya matunda uliyokamua mwenyewe nayo iingie kwenye hesabu, najua hili linawauma wengi. Glasi moja inaweza kula machungwa matatu au manne, umekunywa sukari yake yote kwa dakika moja na nyuzinyuzi umezitupa. Kula chungwa lenyewe, utachoka kutafuna ukifika la pili.

HATUA YA 3: Pima mafuta kwa kijiko

Ningeambiwa nichague hatua moja tu ningechagua hii. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati gramu ya wanga au protini ina 4, kwaiyo kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120. Ya mzeituni, ya alizeti, ya nazi, yote kwenye kalori yanalingana karibu sawa. Yanapishana kwa moyo tu, yale yanayobaki maji yakiwa sehemu ya baridi kwa ujumla ni bora kuliko yanayoganda.

Fanyeni jaribio nililofanya mimi. Siku ya kupika chukua chupa, mimina kama unavyomimina siku zote, ila badala ya sufuriani mimina kwenye kikombe. Alafu chota kijiko kimoja kimoja ukihesabu. Mi nilipata vijiko 11 kwa mchuzi wa watu wanne! Nikasimama pale jikoni na kikombe mkononi nikipiga hesabu, 11 mara 120, gawa kwa wanne, kila mtu anakula kalori 330 za mafuta matupu kwenye mchuzi ambao wote tulikuwa tunauita mwepesi. Sasa hivi natumia vijiko 3 kwa sufuria ile ile na hakuna mtu aliyelalamika.

Namna ya kufanya: sufuria yenye kitako kizito, moto wa wastani, kijiko kimoja cha mafuta kwanza, weka kitunguu na chumvi kidogo, funika. Kitunguu kitatoa maji yake chenyewe, kikianza kushika chini nyunyiza maji vijiko viwili, koroga, funika tena. Rudia mpaka kilainike na kuwa na rangi. Nyanya zikishaiva na kukauka kabisa ndo unaweka viwili vilivyobaki, na hapo harufu inatoka kama umeweka kikombe. Vya kuzamisha kwenye mafuta viwe vya siku moja moja, kiazi cha kuchemsha gramu 100 kina kalori chini ya 90 lakini chipsi uzito huo huo zinafika kama 300.

HATUA YA 4: Panga sahani upya

Nusu ya sahani mboga, robo protini, robo wanga. Muhimu ni mpangilio wa kupakua: mboga zitangulie, alafu protini, wanga wa mwisho kwenye nafasi iliyobaki. Wengi tunaanza na mlima wa wanga, mboga inakuja kama pambo pembeni.

Protini ni mayai, samaki, kuku bila ngozi, maharage, dengu, maziwa yasiyo na sukari. Hii usiibanie maana ndo inayokaa tumboni muda mrefu na kulinda misuli wakati unapungua. Mboga na matunda jumla yafike angalau gramu 400 kwa siku.

Kuhusu kuacha wanga kabisa, sishauri. Mwili unahifadhi wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu inakaa na maji kama gramu 3, kwaiyo ukikata wanga wiki ya kwanza mzani unashuka kilo mbili unafurahi, kumbe mengi ni maji, siku ukirudia kula nayo yanarudi na wewe unajilaumu bure.

HATUA YA 5: Kula taratibu

Taarifa ya shibe inachukua kama dakika 20 kufika vizuri kichwani. Ukimaliza sahani kwa dakika sita utaongeza tu, hata kama chakula kilitosha. Weka simu mbali, sufuria ibaki jikoni isije mezani, na ukimaliza subiri kidogo kabla hujaongeza. Ukiona bado una njaa kweli ongeza, ila ongeza mboga na protini.

HATUA YA 6: Tembea, lala

Dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka haraka, na siku mbili za mazoezi ya nguvu hata ya kuchuchumaa na kusimama nyumbani. Na usingizi, ukilala masaa manne matano ile homoni ya njaa inapanda, kesho yake utatafuta vitamu siku nzima.

MASWALI YA WADAU

Swali: Asante dada kwa somo. Mi nilianza vizuri nikatoa kilo 3 sasa wiki ya tatu hii mzani umegoma kabisa, nakosea wapi?
Jibu: Pengine hujakosea popote mpendwa. Uzito unacheza kilo moja mpaka mbili kwa chumvi tu, au kukosa choo, au siku zako zikikaribia. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda chooni, kabla ya chai. Ikifika wiki nne kiuno na mzani vyote havijasogea, rudi kwenye hatua ya 1 andika tena siku tatu, mara nyingi mafuta yamerudi kumiminwa kwa macho. Na kumbuka mwili ukipungua nao unahitaji chakula kidogo kuliko mwanzo.

Swali: Mkuu ni kweli kula baada ya saa 12 jioni kunanenepesha?
Jibu: Kikubwa ni jumla ya siku nzima. Ila jiulize usiku unakula nini. Kama ni chakula cha usiku cha kawaida hakuna shida, kama ni biskuti mbele ya TV saa nne hizo ndo za kutoa. Mwenye kiungulia ajitahidi kumaliza kula masaa mawili matatu kabla ya kulala.

Swali: Mi mwili sina shida nao, nataka kitambi tu kitoke, nipe zoezi.
Jibu: Hakuna zoezi linalochagua mafuta yatoke wapi kaka yangu. Mazoezi ya tumbo yanakaza misuli iliyo chini ya mafuta. Punguza kwa ujumla na tumbo litafuata. Kama unakunywa pombe anzia hapo, gramu moja ya pombe ina kalori 7 bado hatujahesabu cha kuchanganyia.

Swali: Maji ya moto na ndimu asubuhi yanayeyusha mafuta? Na hizi chai za kusafisha tumbo?
Jibu: Ndimu haiyeyushi mafuta ya mwilini. Yakikusaidia kuacha chai ya sukari kunywa tu. Ila hizo chai nyingi zina dawa za kuharisha, unachotoa ni maji na madini, mafuta yanabaki pale pale. Naomba mziache.

Swali: Dada nanyonyesha mtoto ana miezi miwili, nimeongezeka sana, naanzaje?
Jibu: Hongera mama. Sasa hivi usikate chakula, mwili wako unatumia nguvu ya ziada kutengeneza maziwa. Fanya hatua ya 2 na ya 3 tu, soda na mafuta, kula ushibe, na siku ya kliniki waulize ni lini uanze kupunguza kweli.

Swali: Baba yangu ana kisukari na uzito mkubwa, nimwanzishie hii?
Jibu: Mpeleke kwanza kwa daktari wake na hili somo mkononi. Kama anatumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, ukipunguza wanga ghafla na dozi ikabaki ile ile sukari inaweza kushuka mno, atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa, na hiyo ni hatari ya haraka. Daktari anaweza kupunguza dozi kadri anavyopungua.

Swali: Nimesikia karanga ni nzuri, nakula bakuli kila jioni badala ya chakula.
Jibu: Ni nzuri ndio, ila kiganja kimoja, gramu 30, ni kama kalori 170, bakuli linaweza kupita sahani nzima ya chakula. Chukua kiganja, funga mfuko, rudisha kabatini kabla hujakaa.

Swali: Mi sipiki, napikiwa, mafuta siyaamui mimi.
Jibu: Pakua kwa kijiko chenye matundu, acha mchuzi udondoke kwanza. Na omba kwa upole jaribio la kikombe lifanyike siku moja, anayepika akishaona mwenyewe hautahitaji maneno mengi.

Swali: Dada jana nilikuwa kwenye sherehe nimekula mno, najisikia vibaya, leo nifunge nisile kabisa?
Jibu: Hapana usifunge, ukishinda njaa leo usiku utakula mara mbili. Kunywa chai yako ya nusu kijiko, kula mayai na tunda, mchana sahani ya kawaida, jioni tembea nusu saa. Na mzani usiusogelee mpaka siku yako ya kupima ifike.