Kabla ya kupasuliwa titi, panga jinsi maumivu yatakavyotulizwa

Mwanamke anayekwenda kupasuliwa titi, iwe hospitali ya KCMC hapa Moshi au hospitali za Arusha, huuliza gharama na huuliza kama uvimbe utaisha. Maumivu ya baadaye haulizi, maana amezoea kuambiwa "jikaze mama". Uliza, tena kabla ya siku yenyewe.

Wa kumuuliza hasa ni daktari wa usingizi. Mbali na kukulaza usingizi wakati wa upasuaji, anaweza kukuchoma ganzi kando ya uti wa mgongo au kati ya misuli ya kifua, ikazuia maumivu ya eneo la titi kwa saa kadhaa. Ukiamka na ganzi hiyo, kisha ukapewa parasetamoli pamoja na ibuprofeni au diklofenaki kwa saa zilizopangwa bila kusubiri maumivu yapande, huenda dawa kali za maumivu, mofini au tramadoli, ikahitajika kidogo tu, au isihitajike kabisa. Mofini na tramadoli huleta kichefuchefu, usingizi na choo kigumu. Zikizidi hudhoofisha upumuaji, na zikitumika muda mrefu mwili huzizoea. Lakini kuzipunguza si kukuacha uteseke. Maumivu yakikataa kutulia, iombe mofini bila haya. Ni tiba, na unastahili kuipata.

Mweleze daktari yote: vidonda vya tumbo, figo, presha, pumu, kifafa, dawa za sonona, hata mitishamba. Diklofenaki yaweza kudhuru tumbo na figo, na tramadoli yaweza kuleta degedege. Kama umekuwa ukinunua tramadoli duka la dawa, usifiche; mpango wako wa dawa utabadilika.

Nyumbani, parasetamoli ya mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wengine hupangiwa pungufu. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani. Mtori utapikiwa tu. Omba na papai, mboga za majani na maji ya kutosha, choo kisiwe kigumu. Andaa sidiria laini na kimto cha kuweka kwapani ndani ya gari. Uliza mazoezi ya mkono yaanze lini.

Usiondoke wodini bila namba ya simu ya kuwapigia. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, kifua kikivimba ghafla, ukipata homa, au ndugu wakishindwa kukuamsha, rudi hospitali hata kama ni usiku.