Kukokotoa kelele katika mnyororo wa kukuza mawimbi ya kyubiti, kwa lahajedwali tu

Mwongozo huu ni wa fundi au mwanafunzi anayejua desibeli na anayetaka kuelewa jinsi kompyuta ya kwantamu inavyosikia jibu la kyubiti zake, yaani vipande vidogo vinavyobeba taarifa zake. Kazi yangu ni viungo vya maikrowevu na madishi hapa Unguja, na vijana wa ufundi ninaokaa nao jioni huniuliza sana kuhusu mashine hizi. Jokofu la kuzipoza hatuna, lakini hesabu inayoamua kama mashine itasoma vizuri ni ileile tunayopigia dishi la juu ya bati. Kompyuta yoyote yenye lahajedwali inatosha.

Hatua ya 1: Jua ishara yako ni dhaifu kiasi gani

Kyubiti za transmon (aina inayotengenezwa kwa saketi isiyo na ukinzani) husomwa kupitia resoneta ndogo, yaani saketi inayovuma kwa masafa yake maalumu, iliyo karibu nazo, kwa kawaida kwenye masafa ya gigahezi 6 hadi 7. Tuchukue 6. Fotoni moja ya masafa hayo ina nishati ya juli 3.98 × 10⁻²⁴. Resoneta ikibeba fotoni 5 na kuzivujisha kwa upana wa megahezi 1 (zidisha kwa 2π, upate 6.28 × 10⁶ kwa sekunde), nguvu inayotoka ni wati 1.25 × 10⁻¹⁶, yaani dBm −129 (desibeli zikilinganishwa na milliwati moja). Na huwezi kuongeza fotoni utakavyo, kwa sababu zikizidi zinaivuruga kyubiti yenyewe.

Sasa gawa nishati ya fotoni kwa namba ya Boltzmann, 1.381 × 10⁻²³. Utapata kelvini 0.288. Iandike pembeni, kwa sababu ndiyo rula yetu. Kelele yenye jotoridi la kelvini 0.288 ni sawa na fotoni moja ya kelele. Nusu yake, 0.144, ndiyo kelele ambayo haiondoki hata ukipoza vipi. Kwa hiyo jokofu hushushwa hadi milikelvini 10 au 20: joto la kawaida lisizidi kelele hiyo ya asili.

Hatua ya 2: Tengeneza jedwali

Fungua safu sita: A jina la kifaa, B desibeli, C ukuzaji, D jotoridi la kelele (kelele ya kifaa ikipimwa kwa kelvini), E ukuzaji wote uliotangulia, F mchango. Kwenye C2 andika =10^(B2/10). E2 ni 1. E3 ni =E2*C2, na F2 ni =D2/E2. Vuta zote chini, kisha jumlisha safu F.

Hiyo ndiyo kanuni ya Friis: kelele ya kila kifaa hugawanywa kwa ukuzaji wa vilivyomtangulia. Ukishaiona, utaelewa kwa nini LNB, kile kifaa cha kukuza ishara, imening'inizwa mbele ya dishi badala ya kuwekwa ndani nyuma ya televisheni. Ishara lazima ikuzwe kabla haijaingia kwenye kebo ndefu. LNB za madishi makubwa ya bendi ya C huandikwa kelele yake kwa kelvini, 15 au 17. Hapa tunazungumzia mashine inayohangaikia sehemu ya kelvini moja.

Kitu kinachopoteza ishara, kama kebo, nacho kina kelele yake: upotevu (kwa namba ya kawaida, si desibeli) toa 1, mara jotoridi la mahali kilipo. Kikiwa chini kabisa kwenye milikelvini 10, tumia 0.144 badala ya jotoridi halisi. Wengi huweka 0.01 wakapata jibu zuri kuliko maumbile yanavyoruhusu.

Hatua ya 3: Jaza mnyororo wa kawaida

Safu ya B na D zitakuwa hivi:

Sakyuleta (kifaa kinachopitisha wimbi upande mmoja tu) na kebo za chini: −2, 0.084
Amplifaya ya HEMT (transista yenye kelele ndogo), kwenye ngazi ya jokofu ya kelvini 4: +40; 2
Kebo ya kupanda hadi nje: −3; 150
Amplifaya ya nje: +30, 100

Jumla ni kelvini 3.31. Gawa kwa 0.288: fotoni 11.5 za kelele. Angalia mchango wa HEMT peke yake, 3.17. Vinavyoifuata kuelekea nje, pamoja na ukubwa wa kelele zao, havifikishi hata 0.06.

Kwa nini basi HEMT isishushwe hadi chini, karibu na kyubiti? Kwa sababu ni transista, na inakula milliwati kadhaa. Sehemu ya baridi kabisa ya jokofu kwa kawaida huweza kuondoa makumi tu ya mikrowati kwenye milikelvini 20. Ukiiweka pale, baridi yote inakwisha. Hata kwenye kelvini 4 joto lake ni mzigo pale mashine inapokuwa na kyubiti nyingi. Mwaka 2025 watafiti wa Chalmers, Sweden, walionyesha amplifaya inayowashwa pale tu usomaji unapofanyika, ikitumia karibu sehemu moja ya kumi ya umeme. Naiona kazi hiyo kuwa muhimu kuliko inavyosifiwa.

Hatua ya 4: Ingiza amplifaya ya Josephson

Hii ndiyo roho ya jambo lote. Kiungo cha Josephson ni vipande viwili vya metali isiyo na ukinzani, katikati utando mwembamba sana wa kuhami. Brian Josephson alitabiri tabia yake mwaka 1962. Kiungo hicho hufanya kazi kama koili ambayo thamani yake hubadilika kwa mkondo unaopita. Ukikisukuma kwa wimbi la nje lenye nguvu, wimbi hilo huhamishia nishati yake kwenye ishara dhaifu inayopita pamoja nalo. Ndani yake hakuna ukinzani wa kutoa joto, kwa hiyo kinaweza kukaa palepale chini.

Carlton Caves alionyesha mwaka 1982 kwamba amplifaya inayokuza pande zote mbili za wimbi kwa usawa, ikiwa na ukuzaji mkubwa, lazima iongeze angalau nusu fotoni ya kelele. Hilo halikwepeki, na ndiyo 0.144 yetu tena. Andika upya:

Sakyuleta ya mbele: −1, 0.037
Amplifaya ya Josephson: +20, 0.144
Sakyuleta ya nyuma: −1, 0.037
HEMT: +40, 2
Kebo: −3, 150
Ya nje: +30, 100

Jumla sasa ni 0.25, yaani fotoni 0.87. Ongeza nusu fotoni inayoingia na ishara yenyewe kwenye kila mnyororo: 12.0 dhidi ya 1.37. Ubora wa usomaji hukua kwa kadiri ya muda unaosikiliza. Kama mnyororo wa pili unatosheka na nanosekunde 400, wa kwanza utahitaji kama 3,500 kwa ubora uleule. Kyubiti inayosahau hali yake ndani ya makumi ya mikrosekunde haina subira hiyo.

Hatua ya 5: Chezea namba mbili

Punguza ukuzaji wa Josephson kutoka 20 hadi 10. Kelele ya mnyororo inapanda kutoka fotoni 0.87 hadi karibu 1.9, kwa sababu HEMT imesikika tena. Rudisha 20, kisha fanya upotevu wa mbele kuwa −3, na D yake 0.143. Unapata karibu 1.7. Desibeli mbili tu kabla ya amplifaya ya kwanza zimekaribia kuzidisha kelele ya mnyororo mara mbili, na hakuna kifaa kinachofuata kinachoweza kuzirudisha. Kwa hofu hiyohiyo ya upotevu, safari hii kabla ya HEMT, kebo kutoka Josephson hadi kelvini 4 hutengenezwa kwa aloi ya niobi na titani, ambayo kwenye baridi hiyo haina ukinzani wala haipitishi joto kwa wingi.

Usishawishike kuondoa sakyuleta ya mbele ili kuokoa desibeli. Inazuia wimbi la kusukuma na kelele ya HEMT zisirudi kwenye kyubiti.

Hatua ya 6: Kagua kama haijafurika

Amplifaya ya Josephson hujaa mapema. Iliyochapishwa mwaka 2015 na Macklin na wenzake, yenye viungo zaidi ya 2,000 vilivyopangwa kwa mstari, ilikuza desibeli 20 kwenye upana wa gigahezi kadhaa na kuanza kujaa karibu na dBm −99. Ishara yetu ni −129, kwa hiyo kuna nafasi ya desibeli 30. Ukisoma kyubiti nyingi kwa mstari mmoja, jumlisha nguvu zao kwa wati kwanza, kisha ndiyo ugeuze kuwa dBm.