Mvutaji sigara, anza kwa kujifunza kutoa pumzi

Kila mvutaji anayeletwa kwangu kwa mazoezi ya kifua nikimwambia "hebu pumua vizuri nikuone," hufanya kitu kilekile. Anapandisha mabega, anajaza kifua mpaka mishipa ya shingo inasimama, kisha anaiachia hewa itoke kwa mkupuo. Juhudi zote kaziweka kwenye kuvuta. Kutoa hakukumbuki, na shida yake iko huko.

Moshi huvimbisha kuta za njia ndogo za hewa na kuzijaza ute. Miaka ikipita, hula pia nyuzi nyororo zinazozishikilia njia hizo zisijifunge. Ukivuta pumzi, kifua hutanuka na njia zikafunguka. Ukitoa, hasa kwa pupa, zinafinywa na kujifunga hewa ikiwa bado haijaisha. Inayobaki ndani inachukua nafasi ya pumzi inayofuata. Mtu analalamika hewa haiingii, kumbe ya zamani haijatoka.

Kabla ya kuanza mazoezi, kapime. Kipimo chenyewe ni spirometa: unavuta pumzi mpaka mwisho, unapuliza kwa nguvu zako zote, na mashine inaangalia sehemu gani ya hewa hiyo imetoka katika sekunde 1 ya mwanzo. Ikiwa chini ya asilimia 70 hata baada ya kupewa dawa ya kupanua njia za hewa, daktari ataanza kuzungumza nawe kuhusu ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Usijipime kwa kubana pumzi sekunde 10, ule mtihani uliozunguka kwenye simu za watu mwaka 2020. Wapo wenye mapafu mabovu wanaoufaulu vizuri tu.

Niseme na jingine mapema, maana nimechoka kuulizwa: mazoezi haya hayakwangui lami ya moshi mapafuni wala hayafufui vifuko vya hewa vilivyokwisha haribika. Kila mtu mzima hupoteza kidogo uwezo wa kupuliza kadiri anavyozeeka, takriban mililita 30 kwa mwaka katika ile sekunde ya kwanza. Mvutaji ambaye mapafu yake hudhurika kirahisi anaweza kupoteza maradufu ya hizo. Akiacha, kasi hiyo hushuka ikakaribia ya asiyevuta, ila kilichokwisha kwenda sehemu kubwa hakirudi. Kazi ya mazoezi ni kukusaidia kukitumia vizuri kilichobaki, na kwa anayeacha yana faida nyingine nitakayoifikia mwishoni.

Unakohoa damu, kifua kinauma, unahema ukiwa umekaa tu, au unakonda bila sababu? Funga ukurasa huu uende kwa daktari. Na kama karibuni umepata shambulio la moyo, umefanyiwa upasuaji au pafu limewahi kusinyaa, hatua ya 4 usiiguse bila ruhusa yake.

Hatua ya 1: Kaa
Kiti kisicho na magurudumu, nyayo zote chini, mkanda umelegezwa. Egemea mbele kidogo, viwiko juu ya mapaja. Ukikaa hivi mabega yanapumzika na misuli ya kifua inapata pa kushikilia. Usianze ukiwa ndiyo kwanza umezima sigara: njia za hewa bado zimekasirika, na kaboni monoksidi ya moshi, ambayo hung'ang'ania himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, imekalia viti vya oksijeni kwenye damu yako.

Hatua ya 2: Tafuta kiwambo
Kiwambo ni ule msuli mpana chini ya mapafu unaovuta pumzi. Jiegemeze nyuma sasa. Mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni chini ya mbavu. Vuta kwa pua, taratibu. Mkono wa chini ndio unaotakiwa kuinuka. Wa juu ukae kimya. Usilisukume tumbo kwa makusudi, liache lijazwe. Dakika 2 au 3 zinatosha. Kama kifua chako kimekwisha kuwa cha duara kama pipa na hatua hii inakuzidishia kuhema, iache, nenda ya 3. Si lazima kwa kila mtu.

Hatua ya 3: Midomo ya mluzi
Kama una nafasi ya kujifunza hatua moja tu, chukua hii.

Vuta kwa pua ukihesabu moja, mbili. Bana midomo kama anayetaka kupiga mluzi, toa ukihesabu moja, mbili, tatu, nne. Mimi huwawashia mshumaa mbele yao, umbali wa mkono. Moto uiname, na ubaki umeinama mpaka pumzi iishe. Ukizimika, umepuliza kwa nguvu mno. Ukicheza-cheza, unatoa kwa vipande. Ukisimama wima katikati, umekata. Baada ya pumzi tano au sita mtu huanza kuuongoza ule moto kama anaushika kwa kidole, na hapo mabega yake yameshuka bila mimi kusema neno.

Siri ni ule mwanya mdogo wa midomo. Unazuia hewa kidogo, shinikizo linarudi nyuma ndani ya njia na kuziweka wazi kwa muda mrefu zaidi, hewa iliyonaswa ikapata kutoka. Usijaze mashavu. Usikamue mpaka tone la mwisho, ukikamua unazifunga zilezile unazotaka kuzifungua.

Fanya dakika 5, mara 2 au 3 kwa siku ukiwa huna shida, ili siku ya shida mdomo uwe umezoea. Kwenye ngazi, vuta ukiwa umesimama, panda ukiwa unatoa. Wengi hubana pumzi wakipanda, halafu wanalaumu ngazi.

Hatua ya 4: Ondoa makohozi
Pumua kwa utulivu kidogo. Kisha pumzi 3 za kina, kila moja uishikilie sekunde 3 kabla ya kuiachia. Tulia tena. Sasa fungua mdomo, utoe "haaa" fupi yenye nguvu kutoka tumboni, kama unayekitia kioo ukungu ili ukifute. Mara 1 au 2, kisha tulia. Kohozi likifika juu, kohoa mara moja, liteme. Rudia mzunguko kwa dakika 10 hivi.

Usizidishe pumzi za kina. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii nilimwamrisha mzee mmoja azivute 10 mfululizo. Kizunguzungu kilimpata, nikamdaka akiwa anateleza kitini. Tangu siku hiyo sivuki 4.

Ukiacha sigara unaweza kukohoa zaidi wiki za mwanzo. Vile vinyweleo vinavyofagia ute, ambavyo moshi ulivilemaza, vinaamka na kuanza kazi. Ila makohozi yakibadilika rangi na homa ikapanda, hiyo ni habari nyingine, kapimwe.

Hatua ya 5: Arosto ikikushika
Hii ndiyo faida niliyoiahidi. Hamu kali ya sigara kwa kawaida hudumu dakika chache tu, kisha hupungua yenyewe. Mtazame mvutaji akiwasha: anavuta ndefu, anatulia, anatoa polepole kwa midomo iliyobanwa. Karibu hatua ya 3 nzima, isipokuwa moshi. Sehemu ya ule utulivu anaousifia inatoka kwenye pumzi yenyewe. Kwa hiyo hamu ikija, inuka mahali ulipokaa, weka kalamu au kijiti mkononi kama vidole vinawasha, na utoe pumzi za mluzi 10, hesabu yako ikiwa 2 kwa 4. Kama haijapoa, kunywa maji, utembee kidogo, kisha rudia 10 nyingine.